Pikipiki Iliyogoma Kwenda Ukweni

Kisa hiki nimeletewa na rafiki yangu wa Mbinga. Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikajifikiria. Kisome, kisha mpelekee yeyote mwenye mkwe.

Mkulima mmoja wa kahawa aitwaye Otmar alikuwa na pikipiki kuukuu. Shambani ilimfikisha, sokoni ilimfikisha, kanisani ilimfikisha. Ukweni tu ndiko ilikogoma.

Njia ya kwa mama mkwe inachepuka kushoto penye mashine ya kusaga, kona kali yenye kilima. Kila Otmar na mkewe Osmunda wakifika hapo, pikipiki inazima katikati ya kona. Otmar anapiga kiki pale pale mpaka shati linaloa. Kimya. Wakikata tamaa na kuigeuza kurudi nyumbani, kiki moja tu, inanguruma.

Osmunda akaanza kumtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

Otmar akaipeleka kwa fundi. Fundi akabadilisha plagi, kisha koili. Kila alipoijaribu pale gereji, iliwaka bila shida.

"Hii haina ugonjwa," fundi akasema.

"Nilijua," Osmunda akasema. "Mwenye ugonjwa ni mwenye nayo. Hampendi mama yangu."

Otmar aliumia.

Ikatokea mama mkwe akatolewa mtoto wa jicho, akaona vizuri tena baada ya miaka ya giza. Akaita watu waje kula pamoja naye. "Nataka kuuona uso wa mkwe wangu," aliagiza.

"Baba Redempta," Osmunda akamwonya mumewe kwa jina la binti yao, "leo ikizima, nabaki kwa mama moja kwa moja."

Wakafika kwenye kona. Ikazima. Osmunda akashuka, akapanda kilima kwa miguu huku analia. Alipofika, aliwaeleza wageni wote kuwa pikipiki imegoma tena.

Baadaye kidogo Otmar akatokea, anaisukuma pikipiki, jasho linamtiririka.

"Mkwe, chombo chako kinaniogopa?" mama mkwe akauliza. Wageni wakaangua kicheko.

"Mama," Otmar akajibu akihema, "kama nisingetaka kuja, ningelisukuma lichuma hili kilima chote?"

Mama mkwe akaisogelea pikipiki.

"Haya, iwashe niione kwa macho yangu mapya."

Otmar akanyoosha usukani kuelekea mlango wa mama mkwe, akapiga kiki. Ikawaka!

"Mnaona?" Osmunda akaruka. "Inawaka kwa sababu ameaibika!" Akaukamata usukani kwa hasira, akauvutia kushoto, aliposimama yeye.

Ikazima.

"Sijagusa kitu!" Osmunda akapiga kelele.

Otmar akashtuka. "Hebu unyooshe." Kiki, ikawaka. "Sasa vuta tena." Ikazima. Wakajaribu upande wa kulia, ikaendelea kuunguruma.

Otmar akafungua utepe wa gundi uliofunga nyaya shingoni mwa usukani. Waya mmoja unaopeleka moto kwenye plagi ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, plastiki yake ikiwa nzima kabisa. Usukani ukinyooka, ncha zinagusana. Ukikunjwa sana kushoto, zinaachana. Na kona kali ya kushoto, katika safari zake zote, ilikuwa ile moja tu.

Akaunga waya kwa kisu na utepe ule. Kabla hajanawa mikono, mama mkwe alikuwa ameshajifunga kanga vizuri na kukaa nyuma.

"Nizungushe. Kushoto tupu!"

Osmunda akasogea, macho chini. "Baba Redempta, nimekukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama Redempta."

"Msamehe upesi, mkwe," mama mkwe akadakia kutoka nyuma, "mimi nataka kona!"

Wakauzunguka ua kushoto mara nyingi, wageni wakishangilia, na pikipiki haikuzima hata mara moja.

Funzo: Kabla hujamhukumu mwenzako kuwa ana nia mbaya, chunguza kwanza tatizo linatokea wakati gani na kwa nini, maana ubaya unaouona moyoni mwake huenda ni hitilafu ndogo ambayo hata yeye haijui.