Ganda Jekundu Chini ya Mche

Inasimuliwa kwamba katika zama za waja wema waliotutangulia palikuwa na mjane mcha Mungu, Bi Unaysa, aliyeishi bondeni pamoja na mdogo wake, Lubaba. Mwaka huo njaa iliwafanya wale hata mbegu zao, na shamba lao likalala bila kupandwa. Unaysa alimwendea jirani yao aliyelima upande wa juu wa bonde, Bwana Shaddad, kumwomba kiganja kimoja cha mbegu, naye akamfungia mlango.

Kisha ikashuka mvua kubwa. Mafuriko yalilisomba shamba la Shaddad, udongo na mbegu zake, na yakamchukua mwanawe Yunus aliyekuwa bado yumo kondeni akipanda.

Maji yalipokauka, shamba la Unaysa likachipua. Lubaba akasujudu.

"Dada, riziki hiyo! Mola katupandia mwenyewe!"

Unaysa aliinama kuikagua miche. Mchicha wa porini aliutambua, na mnavu pia. Lakini katikati yake palikuwa na machipukizi membamba, na mtama mchanga hufanana mno na gugu lake, hata wakulima wazoefu hung'oa chakula wakaacha gugu. Kama ni gugu, halina mwenyewe. Kama ni mtama, yuko aliyeupanda. Tumbo lake lilimsihi asichunguze.

Alipiga magoti, akasema Bismillahi, akachimbua mche mmoja taratibu kwa kidole. Kwenye mzizi, ganda la punje lilikuwa bado limeshikamana. Lilikuwa jekundu. Bondeni kote hakuna aliyepanda mtama mwekundu ila Shaddad.

"Lifukie," Lubaba alisema upesi. "Hakuna aliyeona."

"Wewe umeona. Mimi nimeona." Wa tatu hakuwa na haja ya kumtaja.

"Alikunyima kiganja, leo umpelekee shamba zima? Basi mpelekee na sanda yangu kabisa!"

Unaysa alilia njia nzima. Alimkuta Shaddad ameketi chini, ndevu zimemtimka, akamwekea ule mche mkononi.

"Bwana Shaddad, mbegu zako zimeota kwangu."

Mzee yule aliugeuza, akaliona lile ganda jekundu. "Si zangu. Ni za Yunus. Hatukupata hata nguo yake." Kisha akauliza, "Nilikufungia mlango. Mbona umekuja?"

"Naijua nafsi yangu. Ningengoja mtama uzae nami nina njaa, nisingekuja."

Wakashuka pamoja. Waliichimbua miche yote ya mtama na udongo wake, Unaysa akimshikia kikapu, na Shaddad akaenda kuipanda upya pale mwanawe aliposimama mara ya mwisho. Hakushukuru. Kila alipoinua mche, alilitaja jina la Yunus.

Jioni Unaysa alichuma mchicha na mnavu uliobaki, ambao haukupandwa na mkono wa mtu. Akaupika bila chumvi. Lubaba alikula huku amempa mgongo.

Ndugu zangu, waliosimulia hawakutuambia kama Shaddad aliwaletea chochote wakati wa mavuno, ingawa sote tungependa kujua. Wametuambia tu kwamba Bi Unaysa alimhimidi Mola kabla ya kula na baada ya kula, na kwamba mara zote mbili alikuwa akilia. Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kukimeza kilicho chetu, hata kikiwa kichungu kama mnavu ule.