Mkimbiaji wa Msimu wa Ulanzi

Ndugu zangu, leo sianzi na wafalme wala manabii. Naanza na fundi wa kuezeka mabati, mtu wa kule Njombe, ambako asubuhi ukifungua mdomo maneno yanatoka pamoja na moshi.

Fundi huyu alikuwa hodari. Nusu ya kijiji ililala chini ya mabati aliyoyapigilia kwa mkono wake. Lakini alikuwa mlevi. Silisemi hili kwa kunong'ona, maana hata yeye hakunong'ona. Kwao kuna pombe inayoitwa ulanzi, inatoka kwenye mianzi. Masika yakianza, mwanzi mchanga unakatwa ncha, unadondosha maji matamu, na maji hayo yakikaa kidogo tu yanakuwa pombe. Haihitaji moto wala chachu. Inadondoka yenyewe! Sasa niambieni, mtu mwenye udhaifu huo afanyeje katika nchi ambayo pombe inaota shambani?

Alianguka. Sisemi kwa mafumbo. Alianguka kweli, kutoka juu ya paa la watu, mchana kweupe, akavunjika bega. Mke wake akamfuata hospitalini, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, hakusema neno, akaosha bakuli akaondoka. Kimya kile kilimuuma fundi kuliko bega. Alipotoka pale, akaacha pombe.

Mnasema "amina". Ngojeni kwanza. Kuacha ni neno fupi, lakini jioni ni ndefu. Asubuhi hakuwa na shida, kazi ilimshika. Shida ilikuwa jioni, akishashuka kwenye ngazi. Miguu ilikuwa inaijua njia ya kilabuni. Ilianza safari kabla kichwa hakijaamua. Siku moja akavaa raba, akakipa kilabu mgongo, akaelekea upande wa mashamba ya chai, akakimbia. Hakuwa na habari za michezo yule. Alikuwa anaichosha miguu, isibakiwe na nguvu ya kwenda kule kwingine.

Akafanya hivyo kila jioni. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa pili wakamzoea. Mwaka wa tatu, mwalimu mmoja wa michezo, mama mkali wa sekondari ya pale, akamsimamisha njiani akamwambia, "Fundi, wewe unakimbia vizuri kuliko unavyojua. Njoo nikufundishe." Akamfundisha.

Basi usharika wao ulikuwa na marafiki Ulaya, usharika wa mji fulani wenye mbio za marathoni kila mwaka. Marafiki wale wakaandika: safari hii tungependa mmoja wenu aje akimbie pamoja nasi. Wazee wa kanisa wakaketi. Mchungaji akalitaja jina la fundi, na fundi mwenyewe akaitwa aje asikie.

Mzee mmoja akasimama. "Mchungaji, mtu tunayempeleka kwa wageni ndiye sura yetu. Leo tuwapelekee mlevi?"

"Aliacha, mzee," mchungaji akasema.

"Wanaacha, halafu wanarudi. Mimi nimezika wengi walioacha."

Fundi akainuka. Hakuwa na hasira, lakini hakuinamisha kichwa. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mzee hajasema uongo, nilikuwa kama alivyosema. Lakini mbio hizi sikuziomba kwenu, na hamkunipa ninyi. Mkinituma Ulaya, nitakwenda. Msiponituma, kesho jioni mtaniona nakimbia kwenye chai kama kawaida." Akaketi.

Wakamtuma. Wengine kwa imani, wengine kwa kushindwa la kujibu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka. Anayejiandaa kwa marathoni hukimbia sana kwa miezi, lakini wiki za mwisho hupunguza. Mwili lazima upumzike ndipo uwe na kitu cha kutoa siku yenyewe. Zikiwa zimebaki wiki tatu, mwalimu akamwambia, "Fundi, kuanzia leo unapunguza. Jioni nyingi utakaa nyumbani."

Fundi akamwangalia. "Mwalimu, unajua unaniomba nini?"

"Nakuomba upumzike."

"Hapana. Unaniomba nikae na jioni. Msimu huu! Mianzi yote inadondosha, kila nyumba ina ulanzi, na mimi nikae nimekunja mikono?"

Mwalimu akasema, "Ndiyo. Hilo ndilo zoezi la mwisho, na siwezi kulifanya kwa niaba yako."

Akakaa jioni ya kwanza, akakaa ya pili. Na kijiji je? Kijiji kina macho, ndugu zangu. Mtu aliyepita mbio kila jioni kwa miaka, ghafla hapiti. Watu wakasemaje? Mnajua walichosema, maana na sisi tungesema hivyo hivyo. "Karudi kilabuni. Si tulisema?" Maneno yakazunguka sokoni, yakafika kisimani, yakarudi nyumbani kwake yakiwa yamenenepa.

Fundi akashindwa kuvumilia. Jioni ya tatu akavaa raba, akakimbia. Hakwenda hata kwenye chai. Alikwenda sokoni kwenyewe, katikati ya watu, akazunguka na kuzunguka kifua mbele, ili kila mwenye macho aone. Akakimbia kwa nguvu za hasira, mpaka shavu la mguu likakaza kama kamba. Akarudi anachechemea.

Asubuhi mwalimu akaja. Akaubonyeza ule mguu, fundi akaguna.

"Jana ulikuwa unakimbia kwenda wapi?"

"Niliwaonyesha."

"Uliwaonyesha kina nani?"

"Hao wanaosema nimerudi kunywa."

Mwalimu akasimama, akajifuta mikono. "Basi umepata makocha wapya. Wakisema, unakimbia. Wakinyamaza, unakaa. Mimi nimebaki kufanya nini hapa?" Akaondoka.

Maneno hayo yalimwingia. Jioni ile fundi akatoa kiti, akakiweka mbele ya nyumba yake, barazani, mahali anapoonekana na kila apitaye, akaketi. Mguu ameunyoosha, ameufunga kitambaa cha maji ya moto. Watu wakapita, wakachungulia, wakacheka pembeni. Yeye akawasalimia, "Kamwene!" kwa sauti kubwa kama mtu mwenye harusi. Mke wake akatoka na beseni la viazi, akaketi karibu naye akaanza kumenya. Wakakaa hivyo mpaka giza.

Ndugu zangu, kuna ujasiri wa kukimbia, na kuna ujasiri wa kuketi huku unachekwa. Huu wa pili ni mgumu zaidi. Wangapi hapa tunauweza?

Yule mzee wa kikaoni naye akaja. Alisema amekuja kusalimia. Akavuta kigoda karibu, akakisogeza tena, akawa anaongea habari za mvua huku pua yake inamfuata fundi usoni. Fundi akaelewa. Akajiinamisha mbele, akafungua mdomo wazi, akapumua, "Haaa!"

Mzee akarudi nyuma.

"Nusa, mzee wangu, usione haya. Na kesho njoo tena. Kesho kutwa pia njoo. Nitakuwepo hapa hapa."

Mnacheka? Chekeni. Lakini jiulizeni: katika kanisa hili, mimi na wewe ni akina nani, wanaoketi au wanaonusa?

Kisha akaja rafiki yake wa zamani. Huyu hakuja kwa ubaya, nataka mlielewe hilo. Alikuja na ulanzi kwenye kidumu, na huruma machoni. Akamwambia, "Fundi, nakuonea uchungu. Wameshasema umekunywa. Kanisani wamesema, sokoni wamesema. Adhabu unaipata bila kosa. Si afadhali basi unywe, mambo yalingane?"

Fundi akacheka. "Ndugu yangu, wao wakisema, maneno hayashuki kooni kwangu. Hicho cha kwako ndicho kitakachoshuka. Kirudishe."

"Kidogo tu, mkono usirudi mtupu."

"Mkono wako haurudi mtupu. Chukua viazi." Mke akampa viazi kwenye mfuko, naye rafiki akaondoka navyo.

Baada ya yule mtu kwenda, mke akaendelea kumenya, lakini kisu kilikuwa hakitulii. Akasema bila kuinua macho, "Baba Anitha, nikwambie jambo. Miaka yote hii, ukifungua mlango, bado nasikiliza kwanza hatua zako. Nasikiliza kama zimenyooka."

Ingekuwa wewe, ungesema nini? Wengine tungekasirika: hata wewe huniamini? Fundi akaokota kiazi kimoja, akakigeuza mkononi. Akasema, "Endelea kusikiliza, Mama Anitha. Una haki. Mimi nitaendelea kufungua mlango."

Wiki zikaisha. Akapanda ndege akaenda.

Siku ya mbio, baridi ya kule ilimfanya fundi atabasamu, ilikuwa kama ya kwao. Barabarani watu walikuwa wengi kama siafu, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Hakuna aliyewahi kumwona amelala mtaroni. Mbele kidogo ya nusu ya safari, ule mguu ukaanza kudai. Akapunguza mwendo, akaubembeleza, akakataa kusimama. Watu wazima kumzidi wakampita. Akawaacha wapite. Kilomita za mwisho alizikimbia machozi yanatoka, si ya huzuni. Akauvuka mstari. Hakuwa wa kwanza wala hakuwa karibu na wa kwanza, lakini aliuvuka kwa miguu yake, wakamvika medali.

Wengi wetu tungeishia hapo hadithi. Tungesema ameshinda, tusimame tuimbe.

Ndugu zangu, mbio zilikuwa hazijaanza.

Hatua chache baada ya mstari, msichana mmoja mwenye uso wa furaha alisimama na sinia, anagawia kila aliyemaliza. Fundi akapokea kikombe kabla hajaangalia. Kilikuwa cha baridi, kimejaa povu. Bia. Kule ndivyo wanavyompongeza mtu. Koo lake lilikuwa kavu kama bati la kiangazi. Mwenyeji wake akamkimbilia, mtu aliyewahi kuishi Tanzania na kujua Kiswahili, naye ana kikombe chake, akakiinua akasema kwa upendo wote, "Kunywa, ndugu yangu! Umeshinda. Leo ni haki yako!"

Mnaona? Nyumbani ulanzi uliletwa na mtu wa kilabuni. Hapa bia inaletwa na ndugu katika imani. Kule alikuwa anachekwa. Hapa anapigiwa makofi. Mzee mwenye pua yuko mbali, nchi na bahari katikati. Mke hasikii hatua. Nani angejua? Niambieni, nani angejua?

Fundi akakishika kile kikombe. Halafu akakirudisha kwenye sinia, taratibu, na akasema, "Hapana. Naomba maji."

"Kidogo tu," mwenyeji akasema, "ni heshima yetu kwako."

"Heshima yenu nimeipokea. Bia yenu siichukui." Akavuta pumzi. "Ndugu, mimi ni mlevi. Leo sijanywa, jana sikunywa, lakini ni mlevi. Nipe maji."

Neno lile lile! Neno ambalo kijiji kizima kilimpiga nalo kama jiwe, ameliokota mwenyewe, ameliweka chini, akasimama juu yake. Katika mji ambao hakuna aliyemjua, ambao angeweza kuwa mtu yeyote apendaye, alichagua kuwa mkweli. Mwenyeji akaweka chini kikombe chake ambacho hakukionja, akaenda mwenyewe kutafuta maji.

Sasa nije kwetu. Sisi tunajilinda vizuri sana dhidi ya wanaotuchukia. Adui akija na panga, tunamwona tangu mbali, tunafunga mlango, tunaomba. Lakini anayekuja na pongezi je? Anayesema, "Umeteseka vya kutosha, leo ni haki yako"? Tumeweka mlinzi gani mlango ule? Wengi hatukuangushwa na dhiki. Tulishinda dhiki, tukaangushwa siku tulipopigiwa makofi.

Na wewe unayepambana na jambo ambalo mtaa wote unalijua, sikia. Huna deni la kuwathibitishia. Usikimbie ili waone, usijifiche ili wasione. Watasema. Waache waseme, mdomo ni wao. Koo ni lako, na aliyekuumbia koo hilo yuko pamoja nawe pia mahali ambapo hakuna anayekujua.

Juma hili kuna mtu humu atapewa kitu kwa mkono unaompenda, kwa sauti tamu, mahali pasipo na shahidi. Sijui ni kitu gani. Wewe unakijua. Usijieleze sana, usiombe radhi, usisubiri hamu iishe kwanza, maana huenda isiishe. Mtazame machoni yule akupendaye, umwambie hapana. Halafu omba maji.