Nani Amchukue Kipaku?

"Laki tisa!" alifoka Ndahani, kamba ya mtamba mkononi. "Mtu wa Manyoni kanipa bei hiyo jana, na hela anayo mfukoni. Namuuza, kila mmoja anachukua laki tatu, kesi imekwisha."

"Uliahidi pesa au uliahidi ng'ombe?" aliuliza mkewe, Perusi.

"Ng'ombe."

"Basi toa ng'ombe."

Kwenye mlango wa zizi alisimama Konsolata, mke wa Nyemo, mtoto wao mkubwa, mikono kiunoni, udongo umejaa kwenye kucha. Nje ya zizi, juu ya kigoda, alikaa Bibi Foibe, mama mzazi wa Perusi, akiwa amewapa mgongo. Mgongo ule haukuwa wa kununa. Huko Chikwaya, katika nchi kavu ya Ugogo, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani moja kwa moja. Neno hupitia kwa mtu wa tatu, hata wakiwa wamekaribiana kiasi cha kupeana moto.

"Perusi," alisema Bibi Foibe, akiuambia ukuta wa jirani, "mwambie mkwe wangu laki tatu haikamuliwi maziwa."

"Mama anasema..."

"Nimesikia!" alisema Ndahani.

"Kama amesikia, vizuri. Mwambie hivyo."

Ugomvi huo una shina lake, na ni vizuri kulichimba kabla ya kumlaumu mtu.

Ndahani alikuwa dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Jumamosi. Kipaji chake kilikuwa ulimi mnyoofu. Akisema ng'ombe ana kwato mbovu, kwato zilikuwa mbovu. Akisema bei imefungwa, imefungwa, hata akija mtu wa pili na donge nono zaidi. Wauzaji walimwachia kamba zao wakaenda kunywa chai, na hakuna aliyerudi akalia. Ila hasira alikuwa nazo karibu, kama kiberiti mfukoni.

Perusi alikuwa na mkono wa chungu. Mwanamke huyo angeweza kukupikia ubuyu ukadhani umealikwa harusini.

Konsolata alitoka Mgeta, milimani, ambako watu huzaliwa na jembe. Kipaji chake kilikuwa udongo. Alipoolewa nchi ya vumbi, mawifi walimcheka: "Mlima umehamia Ugogo!" Yeye alikuwa anatazama maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa wapi.

Bibi Foibe yeye alijua kukaa. Usicheke. Wako watu wasioweza kukaa mahali mpaka chai ipoe. Yeye akikaa, amekaa, na akikaa anaona.

Sasa, nyumba hiyo ilikula nyama kama nyumba nyingine zinavyotumia chumvi. Asubuhi supu ya utumbo, mchana nyama ya kuchemsha, jioni maini kama yapo. Mboga ya majani ilikuwa ya kupambia sahani, tena ya wageni waliotoka mjini. Mpaka Jumamosi moja, katikati ya mnada, Ndahani alinyanyua fimbo kutaja bei, akapiga ukelele akaanguka. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu kama nyanya, hata nzi akitua kilimuuma. Walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa punda, na aliyeendesha ni mtu ambaye Ndahani aliwahi kumnyima punguzo la bei. Aibu hiyo ilimuuma kuliko kidole.

Mganga wa zahanati alimpima, akasema ni jongo. Akampa vidonge, akamwambia anywe maji mengi, aache pombe, asahau maini na supu ya utumbo, na nyama iwe chakula cha sikukuu.

"Sikukuu ipi?" aliuliza Ndahani.

"Krismasi," alisema mganga. "Na Pasaka, ukiwa na adabu."

Jumamosi iliyofuata alibebwa mpaka mnadani, akaketishwa kwenye gunia, akaomba watu wanyamaze. "Mnanijua," alisema. "Mnada wa kufunga kiangazi nitasimama hapa kwa miguu yangu, toka ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho. Na mtu atakayenifikisha siku hiyo nampa Kipaku, mtamba wangu mwenye mimba. Mtu mmoja, ng'ombe mmoja, mzima, na kamba yake."

Mnada mzima ulisikia. Hilo ndilo shina.

Perusi alianza kwa kukiosha chungu cha nyama, akakifunika, akakipandisha darini. Siku ya kwanza alipika mlenda mtupu. Ndahani aliutazama unavyovutika kutoka kwenye tonge, akasukuma sahani.

"Mama Nyemo, mimi ni mgonjwa, si mbuzi."

Perusi aliinamisha kichwa, akaondoa sahani, kesho yake akarudi vitani. Mlenda akautia karanga za kusaga na nyanya zilizokaangwa mpaka zikakolea. Kunde akaziunga kwa ufuta uliopondwa. Njugu mawe akazichanganya na mahindi na maboga, ikatoka harufu iliyowaita watoto wa jirani bila kualikwa. Nyanya chungu alizibanika kwanza, ndipo akazitia kwenye kisamvu. Ikafika jioni moja Ndahani akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, akatazama huku na huku kama mwizi.

"Imebaki?"

"Imebaki nini, Baba Nyemo? Lishe ya mbuzi?"

"Wewe mwanamke, pakua."

Nyumba nzima ikahamia kwenye chungu hicho cha mboga. Nyama ilipopikwa, ilipikwa kidogo, na lazima iwepo sababu. Hata wajukuu waliacha kuiulizia.

Lakini kiangazi Ugogo hakina huruma na jani. Mwezi wa saba mchicha uliisha, bamia zikakauka zikiwa bado changa, na sokoni fungu la matembele likawa dogo kiasi cha kutosha sungura. Wakati huo nyama ndiyo rahisi, maana ng'ombe hutembea kufuata maji na mchicha hautembei. Perusi alisimama jikoni na mwiko mkavu, akakitazama chungu kile darini.

Konsolata alikuwa ameshaliona hilo toka mbali. Alikuwa amechimba matuta ya kuzama nyuma ya jiko, akayajaza samadi, akayafunika kwa nyasi ili jua lisinywe maji. Kila tone lililoosha sahani, lililosuuza mchele, lililonawisha uso wa mtoto, lilikwenda huko. Viroba vilivyochakaa alivitoboa ubavuni akapanda spinachi, vikasimama ukutani kama wanaume wenye ndevu za kijani. Majani ya kunde yaliyozidi wakati wa mvua alikuwa ameyakausha kivulini, si juani, ndiyo maana rangi na ladha yake havikupotea. Usiku mmoja mbuzi walivunja uzio wakala kila kitu. Asubuhi wifi mmoja alikuja kucheka, akamkuta anapanda upya.

"Wifi, huchoki?"

"Nitachoka nikishavuna. Nisogezee hiyo ndoo."

Kiangazi kizima chungu cha Perusi hakikukosa kitu cha kijani.

Na bado kidole kilivimba! Si kila siku. Kilitulia wiki nzima, kikamwamsha Jumapili akigumia. Nyumba ikaanza kunyosheana vidole. Perusi alisema labda ni spinachi za watu, hazikuzoeleka. Konsolata alisema labda ni mafuta ya watu, yanazidi. Wakwe hao wawili walipitisha siku kadhaa wakisalimiana kwa kope tu.

Bibi Foibe, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mkwe wake na bado hajaondoka, aliuliza swali moja. "Perusi, muulize mkwe wangu, Jumamosi anakula wapi?"

Ndahani alijibu bila kona, maana uongo hakuujua. "Sili popote. Nakwenda kazini."

"Muulize kazini kuna nini."

Hapo ndipo ikajulikana. Mnadani pale biashara haifungwi kwa karatasi wala kwa kushikana mikono. Muuzaji, mnunuzi na dalali husogea kwenye banda la nyama choma, hukatiwa kipande kimoja, kila mtu hutafuna cha kwake, na hapo ndipo ng'ombe amehama mkono. Ndahani alifunga biashara nyingi kwa siku, na kila biashara ilikuwa na kipande chake. Yote hayo hakuyahesabu kuwa chakula.

"Ile si kula!" alisema, akishangaa kwa dhati. "Ile ni kazi! Nisipotafuna, watu watasema nimeficha kasoro."

"Mwambie mkwe wangu," alisema Bibi Foibe, "kidole chake hakijui kazi."

Jumamosi iliyofuata bibi alijitwika ungo wa karanga za kukaanga, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa mbele kabisa ya banda la nyama choma. Ndahani alifika na watu wake wawili, akapokea ubavu wa moto, akafungua kinywa, akamwona mama mkwe. Kinywa kikabaki wazi. Mwanamume wa huko hatafuni mbele ya mkwewe. Ni heri avuliwe kofia na upepo mbele ya Askofu. Ubavu ukaingia mfuko wa koti, mafuta yakachora ramani. Akazunguka nyuma ya banda. Kigoda nacho kikazunguka.

"Mkwe anakuwinda, dalali!" walicheka wachinjaji.

"Nyamazeni, wajinga nyie!"

Ikabidi atafute njia nyingine. Alichota karanga kwenye ungo wa mkwewe, akiwa ameangalia pembeni, akawatilia mnunuzi na muuzaji viganjani. "Leo tunafunga kwa hizi." Walisita, wakamtazama. Kwa kuwa ni Ndahani, wakatafuna. Wiki baada ya wiki bibi yule alikaa kwenye vumbi na jua, mgongo ukimuuma, hasemi na mtu isipokuwa anayenunua. Jumapili zikapita kimya, kidole kikarudi ukubwa wake.

Mnada wa kufunga kiangazi ulifika. Ndahani alisimama toka ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho, akatembea kwa miguu yake hadi nyumbani, akiwa amejaa sifa. Zizini akawakuta watatu wanamsubiri.

Ndipo ukaja ugomvi wa laki tisa.

"Nimelala na wewe miaka yote hii," alisema Perusi, "na katika zizi hili sina hata ukwato wa jina langu. Majani nani aliyakufanya uyapende? Yangeletwa mabichi ungemeza?"

"Mama, nakuheshimu," alisema Konsolata, "lakini mwezi wa saba ungepika nini? Ungeunga karanga kwenye maji? Nilianza kwa samadi ya kuombaomba. Nataka ng'ombe wangu, nisiombe tena."

"Mlipika," alisema Bibi Foibe, mgongo ukiwa palepale, "mlipanda, na mtu wenu akaendelea kuvimba. Nyumbani kwangu kikombe cha maziwa nakisikia kwa jirani tu. Perusi, mwambie mkwe wangu nimemaliza."

"Na mimi?" alifoka Ndahani. "Mimi niliyetafuna hayo majani sistahili kitu?"

"Wewe baba ndiye mdaiwa," alisema Konsolata. "Kaa kwenye nafasi yako."

Hasira ikapanda kichwani. "Basi namchinja! Namkata mafungu matatu sawasawa, kila mtu abebe lake!"

Wanawake wawili waliteremsha macho hadi kwenye kidole chake cha mguu. Hata Bibi Foibe aligeuza shingo, akakitazama, akarudisha shingo.

"Na nani atakula?" aliuliza Perusi polepole.

Ndahani alilegeza kamba. Kipaku alimlamba kiwiko, hajui kesi yake. Alijua vizuri kwamba akitoa kwa mmoja, wawili watabaki na donge, na nyumba hiyo ndiyo iliyompa miguu. Lakini alijua pia kwamba akitoa pesa mahali alipoahidi ng'ombe, au mafungu mahali alipoahidi mzima, mnada mzima utajua. Na dalali aliyekula neno lake haachiwi tena kamba na mtu.

"Perusi," ilisikika sauti kutoka kwenye kigoda. "Mkumbushe mkwe wangu kwamba Jumamosi nitakuwa palepale. Na watu wa mnadani huniuliza mambo."

Jua lilikuwa bado liko juu. Ndahani aliunyosha mkono wenye kamba mbele yake, akaushikilia hewani, akamtazama mkewe, akamtazama mke wa mwanawe, akautazama mgongo wa mama mkwe. Mikono mitatu ikanyoshwa. Wa bibi kwa nyuma.

Na mkono wake uko hewani hadi sasa, unamngoja mtu mwenye akili timamu.

Nyinyi mliokaa mkasikiliza bure, mkacheka mlipotaka, amueni. Msiniambie wagawane, tumeshaona hawagawani. Msiniletee methali, wala msiniambie wote wanastahili, hilo hata Kipaku analijua. Wewe ungemwachia nani kamba: wa chungu, wa bustani, au wa kigoda? Hadithi nimetoa yote, sikubakiza. Sasa nanyi nipeni changu: jina moja.