Pimbi na Moshi wa Lori la Kiboko

Paukwa, wanangu.

— Pakawa.

Pakawa na nini?

— Sema wewe, sisi tunasikia.

Pakawa na lori, na mlima, na ukame uliokausha visima vyote vya bondeni. Maji yalibaki juu mlimani tu. Mwenye lori alikuwa Kiboko. Fundi wake alikuwa Pimbi, yule mdogo asiye na mkia.

Siku ya kuhama, Kiboko akapakia majani yake, magunia kwa magunia, na wanyama wakakaa juu ya magunia. Lori likaanza mlima. Ngru, ngru, ngru, puu. Likasimama.

"Mzigo umezidi," akasema Kiboko. "Ashuke Swala."

Swala akashuka, akatembea. Ngru, ngru, ngru, puu.

"Ashuke Nungunungu."

Nungunungu akashuka, akatembea. Ngru, ngru, puu.

"Ashuke Kobe."

Sasa, Bibi Kobe ndiye aliyemlea Pimbi tangu mama yake alipochukuliwa na tai. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, hatua kumi haziwezi.

"Nishushe tu, mwanangu," akamwambia Pimbi. "Mimi maji nimekunywa ya kutosha."

Pimbi hakumshusha. Akaenda kwa Kiboko.

"Bwana mkubwa, tukishusha magunia mawili je?"

"Magunia yangu hayashuki."

"Basi nipe huo moshi unaotoka nyuma ya lori."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Moshi? Chukua wote."

"Uwe wangu kabisa?"

"Wako na wa wajukuu zako. Wote hapa mmesikia."

Pimbi akaingia chini ya lori. Akachukua pangaboi mbili ndogo, akazifunga kwenye ncha mbili za chuma kimoja. Moja akaiweka kwenye njia ya moshi. Ya pili akaiweka kwenye njia ya hewa inayoingia ndani ya injini. Bibi Kobe akainama kumtazama.

"Injini haikosi dizeli, bibi, inakosa pumzi," Pimbi akamweleza huku akikaza boliti. "Moshi ukitoka kwa kasi, utazungusha pangaboi hii. Hii ikizunguka, na ya pili inazunguka, inasukuma hewa ndani. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi inaungua, na nguvu inaongezeka."

"Kumbe inajipulizia yenyewe," akasema Kobe.

"Ndiyo, bibi. Kwa kile ilichokuwa inatupa nje."

Lori likawashwa. Ngru, ngru, halafu fyuuuu. Likapanda. Likamkuta Nungunungu, likampakia. Likamkuta Swala, likampakia. Fyuuuu.

Kiboko akaona majani mabichi kando ya barabara. Tamaa ikamshika.

"Lori lina nguvu sasa," akasema. "Nataka kupakia tena. Nafasi haitoshi. Ashuke Kobe."

Pimbi akainama chini ya lori. Akafungua kifuniko kidogo pembeni mwa bomba la moshi, moshi ukapita nje bila kugusa pangaboi. Fyuu ikafa. Ngru, puu.

"Umefanya nini?" akauliza Kiboko.

"Nimechukua moshi wangu. Ulinipa mbele ya wote."

"Nirudishie."

"Nitakuazima, bwana mkubwa. Ila moshi wangu hausukumi gari linalomwacha bibi yangu njiani."

Kiboko akatazama mlima. Akatazama jua. Ngozi yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa ukavu.

"Haya, abaki," akasema.

"Abaki mbele, kwenye kiti laini."

Kiboko akasogea.

Walifika kwenye chemchemi alasiri. Bibi Kobe akanywa, akapumzika, akanywa tena. Pimbi alikuwa nyuma yake, amemshikilia gamba kwa mikono yake myeusi ya masizi, asije akateleza.

Ngano yangu imefika mwisho wa barabara. Mwenye yake aiwashe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukiwa na lori, usimpe mtu hata moshi. Utajikuta umetenda wema bila kukusudia.