Gauni Lililomficha Mama

Enyi mlioketi, mpo?

Tupo, na masikio tumekuja nayo.

Nikate au nishone?

Kata kwanza, kisha ushone.

Basi nakata. Sogeeni motoni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi ukimalize, maana nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, wakati nyani na watu walipokuwa bado wakisalimiana njiani, palikuwa na mji ukiitwa Kichangani. Katika mji huo alikuwapo fundi wa nguo, mwanamke, jina lake Mashavu. Mashavu alikuwa na mkono wa kushona. Akishona kanzu, inakaa. Akishona gauni, linakaa. Akishona hata gunia la mihogo, linakaa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, alipenda kusifiwa. Ukimnyima chakula atakusamehe, lakini ukimnyima sifa, hamsalimiani mwezi mzima.

Mashavu hakujaaliwa mtoto. Mdogo wake, Kidawa, ndiye aliyezaa, akapata mtoto wa kiume wakamwita Makame. Mtoto akawa wa wote wawili. Mashavu alimpenda Makame kuliko sindano yake, na hilo nalisema mapema ili baadaye msije mkamwona mtu mbaya.

Sasa Kidawa alikuwa anaishi ukweni, na ua wa ukweni haukauki watu. Kuna baba mkwe, kuna mashemeji, kuna wageni mchana kutwa. Makame akilia njaa, Kidawa huinuka akakimbilia chumbani. Gauni lake lilifungwa mgongoni. Ahangaike na vifungo, mtoto analia. Apandishe gauni zima mpaka shingoni, mtoto analia. Akija kukaa sawa, maziwa yameshamlowesha kifua na mtoto amechoka, amelala na njaa yake. Tena aliogopa jicho la watu, maana walisema kuna jicho likitua kwenye ziwa la mama, maziwa hukauka. Akaenda kwa dada yake akamweleza yote, huku machozi yanamtoka.

Mashavu akamfuta machozi, akatoa kitambaa.

Gauni la kwanza alilipasua mbele, akatia vifungo toka shingoni mpaka kiunoni. Kidawa akalivaa. Vifungo vikamchoma Makame shavuni, na kila akinyonya, kifua chote kikabaki wazi. Kidawa akalirudisha.

Gauni la pili alilikata pana. Pembeni, chini ya kwapa, akaacha mipasuko miwili, na kila mpasuko akaufunika kwa mkunjo wa kitambaa. Ukiinua mkunjo, mtoto anapata ziwa. Ukiuachia, mpita njia haoni kitu. Kitambaa chenyewe kilikuwa pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Makame, siku hizo mchanga hata macho yake hayajashika sura ya mtu, akanyonya mpaka usingizi ukamchukua. Kidawa akamtazama usoni, akamwambia dada yake kwamba limetosha, hahitaji jingine.

Jamani, Mashavu angeishia hapo. Angeishia hapo, mimi leo ningewasimulia habari nyingine, fupi, na sasa hivi tungekuwa tumelala.

Hakuishia. Wifi mmoja wa Kidawa aliligeuza lile gauni huku na huku, akasema ni zuri, ila mtu akikaza macho anajua kama mama ananyonyesha. Ile "ila" ikamwingia Mashavu moyoni. Akila, anaisikia. Akilala, anaisikia. Akitia uzi kwenye sindano, anaisikia.

Basi akakaa akashona gauni la tatu. Ndani alilifanya kama la pili, na mipasuko yake, na pamba yake laini. Lakini juu yake akaning'iniza joho la kitambaa kizito, kutoka shingoni mpaka magotini. Mtoto anaingizwa kwa chini, joho linashuka, kwisha. Haonekani kichwa, haonekani mguu, wala hasikiki akinyonya.

Kidawa akalivaa, akamwingiza mwanawe, akakaa. Halafu akasema polepole, "Dada, simwoni."

"Ndiyo uzuri wake," akasema Mashavu. "Na wao hawamwoni."

Kidawa akaenda nalo kwake. Dada yake ndiye aliyemlea, na dada akisema, imetoka.

Ikaja harusi. Kidawa akakaa katikati ya wanawake akamnyonyesha Makame, wanawake wanamwuliza mtoto yuko wapi. Alipofunua joho, wakapiga vigelegele kumpongeza fundi kuliko walivyompongeza bibi harusi. Mashavu siku hiyo alitembea kichwa juu hata akajikwaa. Katika kulishona gauni lile alikuwa amemuuliza Kidawa, amewauliza mawifi, amewauliza majirani wa kushoto na kulia. Mnyonyaji mwenyewe hakuulizwa na mtu.

Makame akakua hivyo. Akinyonya, yuko gizani. Akishiba, anafungwa mgongoni anatazama kisogo. Akilala, amelala. Kila akisikia njaa, mama yake hutandaza joho na kumwimbia:

*Makame njoo, nguo imeshuka,*
*Ingia ndani, njaa itatoka.*

Naye hucheka, akatambaa, akaingia.

Sasa pale nyuma ya mashamba ya Kichangani palikuwa na msitu, na msituni alikuwapo nyani jike aliyefiwa na mtoto. Mtoto amekufa, maziwa hayajui. Yalimjaa, yakamuuma, hana wa kumpa. Akawa anakuja kujibanza ukingoni mwa shamba, anamtazama Kidawa. Alitazama joho likishuka. Alisikiliza wimbo. Akaona mtoto anavyoikimbilia nguo kabla hata hajajua nani yumo ndani.

Siku moja, mchana, akafika mlangoni kwa Mashavu mgeni aliyejifunika shuka gubigubi, yanaonekana macho tu. Akaomba ashonewe gauni kama la Kidawa, lisipungue kitu.

Mashavu akachukua kamba yake ya kupimia. Akapima mkono, mkono ukapita goti. Akashangaa. Mgeni akasema sifa zake zimefika mpaka kwao mbali. Mashavu akafunga fundo kwenye kamba, akaendelea. Akapima shingo, shingo haionekani ilipo. Akashangaa tena. Mgeni akasema kwao hakuna fundi anayeweza kushika hata sindano mbele yake. Mashavu akafunga fundo, akaendelea. Akapima mgongo, chini ya shuka kikatikisika kitu kirefu. Hapo aliacha kamba, akafungua mdomo kuuliza. Mgeni akasema, "Wanasema mtu akivaa nguo yako, hata mtoto hamtofautishi na mama yake."

Mashavu akacheka kwa furaha, akafunga fundo la tatu. Kamba ilikuwa imemwambia yote, wangu. Kamba ilisema, na sifa zilisema, akasikiliza sifa, akalishona gauni akampa mgeni.

Ikafika siku za kupalilia mpunga. Kidawa alivaa kitambaa chake kikuukuu cha shamba, akamlaza Makame kwenye mkeka kivulini, akaingia mpungani na jembe. Mashavu alikuja nyuma na chakula. Alipokuwa njiani akaona, pale mkekani, gauni lake. Aliyelivaa amempa mgongo. Akausikia wimbo ukiimbwa chinichini, kwa sauti ya kukwama kidogo. Makame akacheka, akatambaa, akaingia. Joho likashuka.

Mashavu akasimama na sufuria kichwani. Alilitazama lile gauni lilivyoanguka mabegani, alivyolitia pindo, lilivyokaa kimya bila kuonyesha kwamba ndani mna mtoto. Akajisemea kwamba hata yeye aliyelishona asingejua. Moyo ukamjaa. Akapita kando kando ili asimsumbue mama anayenyonyesha, akaenda zake mpungani.

Na huko mpungani akamkuta Kidawa ameinama na jembe.

Sufuria ilianguka. Walikimbia wote wawili, wakaukuta mkeka na alama ya mkono mrefu mchangani.

Mji mzima ulitoka. Walitafuta kwa ngoma, walitafuta kwa mbwa, walitafuta kwa kuita. Kidawa maziwa yalimtiririka njiani, akitembea analia. Mashavu alimfuata nyuma na hakuthubutu kumshika mkono. Siku zikapita, watu wakachoka wakarudi makwao, wakabaki dada wawili.

Wakamwona adhuhuri moja, juu ya jabali katikati ya msitu. Nyani alikuwa amekaa juani, amempakata Makame. Gauni limetupwa juu ya mti. Makame ananyonya huku amemkazia nyani macho, na nyani amemwinamia, anamtazama. Mtoto akiachia ziwa, anacheka. Nyani naye anamchezeshea nyusi, mtoto anacheka tena. Mashavu hakuwahi kumwona Makame akicheka na uso wa mtu.

Kidawa akapiga magoti akamwomba mwanawe.

Nyani akamjibu bila hasira. "Mimi nilikuwa na maziwa, sina mtoto. Nilitaka mmoja anipokee maziwa hayo. Wako alikuwa hamjui mama, anajua nguo, ndiyo maana nikaivaa. Siku ile ile niliivua, ina joto. Mwite basi. Akija, ni wako."

Kidawa akamwita kwa jina. Makame akageuka akamtazama, kama mtoto anavyomtazama mgeni aliyekuja kuazima chungu, akarudi kunyonya.

Kidawa akaimba ule wimbo. Makame akaacha ziwa, akatafuta kwa macho, akatafuta juu, akaliona gauni mtini, akatulia hapo.

Mashavu akaukwea ule mti yeye mwenyewe, kwa utu uzima wake, akalishusha gauni akamvisha mdogo wake. Kidawa akaketi, akatandaza joho, akaimba. Makame akacheka. Akateremka jabalini, akatambaa, akaingia ndani, akashika ziwa la mama yake, akanyonya. Mashavu akashusha pumzi. Alidhani yamekwisha.

Lakini mama ni mama. Kidawa alikuwa hajamwona mwanawe siku zote hizo. Mkono ukamponyoka, akainua pindo la joho amtazame.

Makame akauona uso. Hakuujua. Ulikuwa uso mgeni, umelowa machozi, umemkazia macho. Akaachia ziwa akapiga ukelele, akajichomoa kutoka mikononi mwake, akatambaa mbio mpaka kwa nyani, akajificha kifuani pake akitetemeka.

Mashavu akasema, "Mfunike, mdogo wangu. Tumrudishe humo ndani tumbebe hivyo hivyo twende nyumbani."

"Nimfunike mpaka lini, dada?"

Mashavu akakaa chini pale pale akalia kwa sauti. Akasema, "Lile la pili lilitosha, mdogo wangu, mwenyewe uliniambia limetosha." Kidawa hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuuma Mashavu mpaka siku anaingia kaburini.

Kidawa hakurudi mjini. Alijijengea kibanda ukingoni mwa msitu, akawa anakaa mlangoni juani, uso wazi, ili mtoto akipita na nyani wake amwone, amzoee. Wapo wasimulizi wanaosema alimzoea. Wengine wanasema alimzoea akiwa ameshaota ndevu. Mimi aliyenisimulia alifika hapo akanyamaza, nami nikaogopa kumwuliza.

Mashavu alirudi peke yake. Akapita nyumba hadi nyumba, kwa wote waliokuwa wameiga lile gauni la tatu, akayakata majoho yote kwa mkasi. Akashona tena gauni la pili, lile pana, lenye mipasuko pembeni na mikunjo ya pamba laini, na mkunjo akauweka kwa namna ambayo mpita njia haoni, ila mama akiinamisha kichwa anamwona mwanawe, na mtoto akiinua macho anamwona mama. Mama akija kuchukua gauni, Mashavu humketisha kwanza, amnyonyeshe mtoto pale pale mbele yake. Kisha humwuliza, "Unamwona?" Akijibu ndiyo, huulizwa tena, "Naye anakuona?" Watu walilisifu gauni hilo kuliko yote aliyowahi kushona. Wakimsifu, aliinuka akaenda jikoni.

Ndiyo sababu mpaka leo nyani jike humpakata mwanawe kifuani juani, bila kificho, akamtazama. Na ndiyo sababu huja ukingoni mwa mashamba akawakazia macho wanawake wenye watoto, hata mkimtupia mawe.

Mafunzo yake ni haya, wangu. Mama asitiriwe watu wasimwone, ni haki yake. Lakini asisitiriwe hata mwanawe asimwone. Na wewe unayemtengenezea mtu kitu, akikwambia kimetosha, mwachie.

Pumzi yangu imeishia hapo. Iliyokupendeza nenda nayo kwenu, isiyokupendeza niachie mimi nilale nayo. Nendeni salama, na kila mwenye mtoto aliyelala mapajani amfunue kwanza amwangalie sura, nisije nikasikia asubuhi mmebadilishana.