Wenye Ndiva na Mjane wa Bondeni

Mtu mmoja alikuwa na ndiva. Kwa wasioijua milima ya Upare, ndiva ni bwawa la kuchimbwa mlimani: maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na kukipambazuka kizibo hung'olewa, maji yakateremka kwa mifereji mpaka mashambani. Ndiva hii ilichimbwa kwa msaragambo, zamani, baragumu lilipolia na mlima mzima ukatoka na majembe. Lakini waliochimba walikufa, wajukuu wao hawakuuliza, na jina lililobaki juu ya maji likawa la nyumba moja. Mtu huyo alimwagilia tangawizi yake, akatajirika, akafa ameshiba siku, akawaachia watoto wake nyumba ya juu, ndiva na kizibo chake.

Watoto wale walikuwa watu wema. Nalisema mapema, maana najua mnavyopenda kutafuta mhalifu katika mfano. Walikaa barazani kwenye ukungu wakiwatazama watu wa bondeni kama mtu anavyowatazama watu wa ndotoni, yaani kwa huruma, na bila kusikia wanasema nini. Wakakubaliana kwamba maji yale yamezidi haja yao. Wayagawe kwa wale ambao desturi iliwasahau: wajane, wanawake wanaolima mashamba yasiyo yao, vijana wasio na urithi. Wazee wa ukoo walinung'unika, wakasema mwanamke na ndiva wapi na wapi. Watoto wale hawakurudi nyuma, na kwa hilo Mungu awalipe.

Wakaweka utaratibu. Kila mwaka kabla ya kupanda mbegu, mwenye shida aje barazani aeleze ndoto ya shamba lake, nao watachagua wa kumpa.

Bondeni alikuwako mjane, Nakijwa, mlimaji wa maharage. Shemeji zake walikuwa wamemwambia wazi kwamba shamba la marehemu litakaa mikononi mwake maadamu linazaa. Likikauka, linarudi kwa ukoo, naye atafute pa kwenda na binti zake. Basi alipanda mlima, akaeleza jinsi anavyoyaona maharage yake yakichanua meupe mpaka ukingo wa mto. Wenye nyumba walipendezwa, wakampa maji. Akavuna, na shemeji zake wakanyamaza.

Mwaka uliofuata akapanda mlima tena, na hapa ndipo penye kosa. Watu wa nyumba ya juu hawakupenda kusikia ndoto ile ile mara mbili. Maharage walishayasikia. Mwaka huo moyo wao ulikwenda kwa vijana waliotaka kulima vitunguu, na kweli vijana wale nao walikuwa na haki yao. Maji yakageuzwa. Maharage ya Nakijwa yakachanua, yakangoja, yakadondosha maua. Huwezi kuliambia ua la haragwe lisubiri mpaka litakapopendwa tena. Shemeji zake wakaja wakasimama mpakani, wakawa wanalipima shamba kwa macho.

Watu wa bondeni si wajinga, wakajifunza. Waliona mwenye ulimi anapata na mwenye jembe anakosa, wakaacha kupalilia wakawa wanafanya mazoezi ya kuota. Baraza ile ikasikia ndoto nzuri ajabu, za mashamba yanayoelea juu ya ukungu na maboga yanayong'aa kama taa. Wenye nyumba walifumba macho wakisikiliza, chai ikapoa vikombeni. Mimi nisingewacheka. Kusikia jinsi utakavyomwokoa mtu ni pombe tamu, tena haina aibu ya kesho yake.

Mwaka wa tatu Nakijwa alikuja bila ndoto. Shemeji zake walikwisha kutamka kwamba msimu ukiharibika tena watapanda masale, ile mimea ya mpaka, na shamba litakuwa lao. Alisimama mbele ya baraza na matope miguuni, akasema:

“Babu yangu alichimba hapa. Msinipe maji, wanangu, nipeni zamu.”

Zamu ni kitu kidogo. Ni kujua kwamba alfajiri ya Jumanne kizibo ni chako, upendwe usipendwe, uwe na maneno au uwe bubu.

Dada mkubwa alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Walisema hawajapata kusikia neno zito namna ile, na kwa ajili ya neno lile wakamchagua yeye, wakampa maji ya msimu mzima. Kizibo kiliendelea kung'olewa kwa amri yao wenyewe. Hakuna aliyeona kwamba hajajibiwa.

Akavuna. Wageni waliletwa kuliona shamba, naye akasimama katikati ya maharage yake akatazamwa. Neno lake likaandikwa kwenye saruji ya ndiva, juu ya mlango wa maji, kwa herufi nzuri za rangi ya buluu. Mwaka uliofuata alipofika barazani na kuanza kulisema tena, kaka mkubwa alimkatiza kwa upole kabisa, akamwambia kwamba hilo, mama, wanalo tayari, limeandikwa. Wakawageukia waliokuja na jipya.

Maharage yalikauka yakiwa na maua. Shemeji zake wakapanda masale. Siku hizi Nakijwa analima kibarua katika shamba lile lile, na binti zake wametawanyika kwa watu. Asubuhi za ukungu maji hupita chini ya maneno yake yakienda kwa mwingine, na wale wa nyumba ya juu wangali watu wema, na kila mgeni hupelekwa ndivani akasomewa.

Nami nawauliza ninyi mnaotoa, tena mnaotoa kwa moyo: mtu aliyewaomba zamu, nanyi mkampa maji, mmempa nini?