Nyumba ya Bibi Mwanasiti

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimekatika? Mmekula ugali wangu mkashiba, sasa mnanijibu kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kaeni vizuri, na anayetaka kucheka akacheke nje, maana hadithi hii mimi kila nikiisimulia hasira hunipanda upya.

Palikuwa na mji mkubwa, na ukingoni mwa mji palikuwa na msitu. Ndani ya msitu ilipita njia nyembamba, na kando ya njia palikuwa na vitu vitatu vya kale. Kwanza kisima cha mawe. Pili kaburi lenye mnara. Tatu gofu la nyumba kubwa, kuta zimesimama, paa hakuna.

Nyumba hiyo aliijenga Bibi Mwanasiti. Ikaja ndui, ikamaliza watu, waliobaki wakahamia kijiji cha jirani, nyumba ikabaki tupu.

Basi zimwi likapita, likaiona nyumba tupu, likaingia. Likawatangazia wanakijiji, "Hapa ni kwangu. Atakayepiga hodi nitamkaribisha, na mgeni wangu simdhuru. Atakayeingia bila hodi atakuwa jiwe katika ukuta wangu."

Wanakijiji wakaogopa, wakakubali. Wakienda kuzuru kaburi, wanapiga hodi, zimwi linajibu karibu, wanapita salama. Wakazoea. Watoto wakazaliwa wakakuta ndivyo ilivyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna hata mmoja!

Kijijini hapo alikuwepo mama mmoja wa ukoo wa Bibi Mwanasiti, jina lake Sikudhani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Mwanamvua. Kazi ya Mwanamvua ilikuwa kuwaongoza watu wa mjini waliokuja siku za mapumziko kutembea msituni na kutazama mambo ya kale.

Sikudhani hakuwapenda watu wale hata kidogo. Wanakuja na fimbo zao na makofia, wanapiga kelele, wanaondoka wameacha jaa. Kila asubuhi binti akiondoka, mama alimwambia, "Kisimani hodi. Kaburini hodi. Gofuni hodi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Siku moja, Sikudhani akiwa anatwanga kisamvu uani, akatokea mwanamke wa mjini anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mama! Mwongozaji wetu amepotea! Wote wamepotea!"

"Wamepotea vipi? Vuta pumzi, sema."

"Tulikuwa wanane pamoja naye. Kisimani akapiga hodi, wenzangu wakamcheka, wakamuuliza kama chura atakuja kumfungulia. Kaburini akapiga hodi kidogo kidogo, wakamcheka tena. Kufika kwenye lile gofu hakupiga. Wakaingia wote. Mimi nilibaki nje nafunga kamba za kiatu. Nilipoinua kichwa, ndani hamna mtu."

Mchi ukamtoka Sikudhani mkononi. Hakuvaa hata kandambili. Akashika njia ya msituni.

Akafika kisimani. Chupa tupu zinaelea juu ya maji, mifuko imetupwa ukingoni. Hasira zikampanda. Akaendelea.

Akafika kaburini. Mtu amechukua msumari akachora jina lake kwenye mnara, tena kwa herufi kubwa. Hasira zikampanda. Akaendelea.

Akafika gofuni. Ukuta umeongezeka mawe saba, mapya, hayajaota hata ukungu. Akayapapasa moja moja. Sita yalikuwa baridi. La saba lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Hasira zikampanda. Hakuendelea tena, maana alikuwa amefika.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!"

"Karibuuu," likaitika zimwi.

Sikudhani akaingia. Zimwi limeketi barazani, miguu limeinyoosha, tumbo limelala juu ya mapaja.

"Karibu, mgeni. Kaa."

"Sikuja kukaa. Namtaka mwanangu."

Zimwi likacheka mpaka vumbi likadondoka ukutani. "Tangu lini mgeni akauliza mambo ya ndani ya nyumba ya watu? Mgeni anakaribishwa, anakaa, anaaga. Binti yako hakupiga hodi. Haya, kama hukai, kwaheri."

Sikudhani akageuka. Akatoka. Akasimama nje ya mlango, mkono ameuweka juu ya lile jiwe lenye joto.

Mgeni! Akajiuliza: Mimi mgeni? Bibi yake mzaa bibi alizaliwa katika chumba kile cha kushoto. Mama yake alimwonyesha hata mahali palipokuwa na jiko. Na zimwi hili, siku ile lilipoingia, lilimpigia nani hodi?

Hapo ndipo alipojionea haya. Yeye, na mama yake, na kijiji kizima, miaka yote ile wanasimama mlangoni kwao wenyewe kuomba ruhusa ya kuingia!

Lakini alijua pia kwamba akikosea atakuwa jiwe la nane, na mwanawe atabaki ukutani milele, hana wa kumfuata. Alijua hilo vizuri. Akakaza kanga kiunoni, akaingia. Bila hodi.

Zimwi likaruka. "Hukupiga hodi!"

"Sikupiga. Naingia kwetu."

Baridi ikamshika miguuni. Ikapanda. Ikafika magotini, miguu ikawa mizito, haiinuki. Sikudhani hakuitazama. Alilitazama zimwi machoni.

"Nani alikukaribisha?"

"Nyumba ilikuwa tupu!"

"Sikuuliza kama ilikuwa tupu. Nani alikukaribisha?"

Baridi ikamtoka magotini, ikashuka. Miguu ya zimwi ikageuka mawe.

"Nimekaa hapa miaka mingi!"

"Sikuuliza umekaa miaka mingapi. Nani alikukaribisha?"

Tumbo la zimwi likageuka jiwe.

"Ninyi wenyewe mlikuwa mnanipigia hodi!"

"Tulikuwa tunakuogopa! Sasa nijibu. Hii ni nyumba ya Bibi Mwanasiti. Nani alikukaribisha?"

Zimwi likafungua kinywa litafute jina. Halikulipata. Likabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, jiwe tupu kuanzia nyayo hadi utosini.

Mawe ya ukutani yakaanza kudondoka, puu, puu, puu, na kila jiwe likigusa chini linakuwa mtu. Wakatoka watu wa zamani ambao hata nguo zao hazishonwi tena. Wakatoka na watembezi sita. Mmoja wao, bwana mwenye kofia pana, akajipangusa vumbi akasema, "Samahani sana, mama. Tulidhani hapa hapana mwenyewe."

"Ulidhani! Kuta hizi zilijiotea kama uyoga? Toka! Tokeni wote nyumbani kwangu!"

Wakatoka mbio, wanasukumana. Akabaki Mwanamvua.

"Na wewe toka."

"Mama, ni mimi."

"Nimekuona. Wao hawakujua. Wewe ulijua, ukaona haya mbele ya wenye makofia. Toka."

Mwanamvua akatoka analia. Akasimama nje ya mlango, mbele ya watembezi wote.

"Hodi," akasema.

 Moyo ulikuwa unamvuta Sikudhani kwenda mlangoni, hasira zinamzuia.

"Hodi."

"Bado unaona haya! Sikusikii!"

Mwanamvua akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka ndege wakaruka mitini. "Hodi! Hodi nyumbani kwa Bibi Mwanasiti! Hodi, mama!"

"Karibu," akajibu Sikudhani, na sauti ikamkatika. "Karibu, mwanangu." Binti akaingia mbio. Mama akamkumbatia, anamgombeza, analia, anamgombeza tena, na hakumwachia mpaka jua likazama.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, siongezi neno ila moja, na hilo silizungushi. Usiingie kwa mtu bila hodi, hata kama nyumba imebaki ukuta mmoja. Na aliyeingia kwenu bila kukaribishwa, msimwombe ruhusa. Muulizeni nani alimkaribisha, na mumuulize mpaka ajibu.